Mashine Kongwe Katika Msako wa Namba Tasa

Kompyuta huzeeka upesi. Mtu huinunua kwa fahari, na baada ya miaka mitano huanza kuiona nzito. Baada ya miaka kumi huisukuma pembeni mwa chumba, chini ya vumbi na karatasi. Walakini ikiwashwa tena, yajumlisha na kuzidisha kwa usahihi ule ule iliokuwa nao siku ya kwanza. Aibu yake ni kwamba wenzake wamekuwa wepesi kuliko yeye. Chombo cha namna hii kina nafasi gani katika kazi ya watu wengi? Swali hilo limejibiwa kwa vitendo, kwa muda wa karibu miaka 30, na watu waliojitolea kuazima kompyuta zao kwa hesabu ambazo hakuna mmoja wao aliyeweza kuzimaliza peke yake. Habari zao zaonekana wazi zaidi katika msako wa namba tasa za Mersenne, ambao ulitangulia kazi nyingi za aina hii na bado unaendelea.

Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7 na 11. Namba ya Mersenne hupatikana kwa kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo fulani, kisha kutoa 1. Kipeo kikiwa 3, jawabu ni 7, nayo ni tasa. Kikiwa 5 ni 31. Kikiwa 7 ni 127. Lakini kikiwa 11 jawabu ni 2,047, na hiyo ni 23 mara 89, basi si tasa. Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo alivyodhani kuwa huzaa namba tasa, hadi kufikia 257. Orodha ile ilikuwa na makosa. Iliingiza 67 na 257 visivyostahili, ikaacha 61, 89 na 107 vilivyostahili. Zilipita karne tatu kabla haijasahihishwa yote.

Sababu ya kukawia huko ni uzito wa hesabu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba ya kipeo 67 si tasa, ila hakuweza kuvitaja vigawo vyake. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini New York, akavizidisha ubaoni 193,707,721 na 761,838,257,287, na jawabu likawa ndiyo namba ile ya Mersenne. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno, na kwamba alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. Basi hata kabla ya kompyuta, msako huu ulikuwa kazi ya saa za ziada, ya mtu kutoa kidogo alichonacho, mara kwa mara, bila kuona mwisho.

Njia ya kupima aliyoianzisha Lucas ilinyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, na ni nyepesi kueleza. Mtu huanza na 4. Huizidisha kwa yenyewe, hutoa 2, kisha hugawanya kwa namba inayopimwa na kushika baki. Baki hilo nalo huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, hugawanywa, na kuendelea hivyo. Hatua zote ni pungufu kwa mbili kuliko kipeo. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa. Hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kwisha, wala ya elfu kabla ya ile iliyoitangulia. Kwa hiyo mashine elfu, kila moja ikiwa nyumbani kwake, hazina njia ya maana ya kugawana namba moja ili kuimaliza haraka. Lakini namba elfu zaweza kugawiwa mashine elfu, kila moja na namba yake, na hakuna itakayomngojea mwenzake. Katika jambo hilo dogo mlikuwamo mlango ambao mashine dhaifu zilikuja kuupitia.

Mlango huo haukufunguliwa mara moja. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliitumia kompyuta ya SWAC, iliyokuwa Los Angeles, akapata namba tasa tano za Mersenne katika mwaka ule mmoja. Toka hapo sifa za uvumbuzi zilikwenda kwa wenye mitambo mikubwa, ambayo bei yake ilikuwa ya serikali, vyuo na makampuni makubwa. Septemba 1996 David Slowinski na Paul Gage walitangaza namba ya kipeo 1,257,787, yenye tarakimu 378,632, waliyoipata kwa mtambo wa Cray T94. Ilikuwa ya mwisho kupatikana kwa mtambo wa namna ile.

Mwanzoni mwa mwaka ule ule, huko Florida, mtunga programu George Woltman alianzisha mradi uitwao GIMPS, yaani msako mkuu wa namba tasa za Mersenne kwa njia ya intaneti. Aliandika programu ya kufanya kipimo cha Lucas na Lehmer katika kompyuta za kawaida za nyumbani, akaigawa bure. Mtu aliyetaka kusaidia alimwandikia barua pepe, akapewa fungu la vipeo, akaiacha mashine yake ifanye kazi. Programu ilikuwa na adabu: ilichukua muda ambao mwenye kompyuta hakuutumia tu, na alipogusa vibonye ilimpisha. Tena iliandika mara kwa mara ilikofika, hata mashine ikizimwa usiku, asubuhi iliendelea kutoka pale ilipoachia. Kwa tabia hizo mbili mtu hakulazimika kuwa na mashine mpya, wala kuiacha iwake siku zote. Alihitaji subira tu.

Tarehe 13 Novemba 1996 matunda yalionekana. Joel Armengaud, mtunga programu wa Paris, alikuta kompyuta yake yenye chipu ya Pentium ya megahezi 90 imethibitisha kwamba namba ya kipeo 1,398,269 ni tasa. Ilikuwa na tarakimu 420,921, nayo ikawa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati ule. Hesabu ilichukua saa 88. Mwezi Agosti 1997 Gordon Spence wa Uingereza alipata nyingine kwa mashine ya megahezi 100, iliyohesabu siku 15. Januari 1998 akaja Roland Clarkson, mwanafunzi wa miaka 19 katika chuo kikuu kimoja cha California, ambaye mashine yake ya megahezi 200 ilifanya kazi kwa vipindi muda wa siku 46. Tarehe 1 Juni 1999 Nayan Hajratwala wa Michigan alipata namba ya kwanza kuvuka tarakimu milioni 1. Kompyuta yake ilikuwa ya megahezi 350, na kwa kuwa haikupewa kazi hiyo mfululizo, ilitumia siku 111. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa na mtambo mkubwa.

Wakati huo kazi ya kugawa vipeo ilikuwa imekwisha kumzidi mtu mmoja. Mwaka 1997 Scott Kurowski alitengeneza seva iitwayo PrimeNet, ambayo hutoa vipeo na kupokea majibu bila mkono wa mtu. Seva hiyo huitazama kila mashine, hukisia kasi yake, na kuitafutia kazi inayoifaa. Hapo ndipo suala la mashine kongwe lilipoanza kuwa suala la utaratibu. Kwa maana hesabu ilikuwa inakua haraka kuliko watu walivyobadilisha kompyuta zao. Kipeo kikiongezeka mara mbili, hatua huongezeka mara mbili, na kila hatua huwa nzito zaidi ya mara mbili. Basi kazi yote hupanda zaidi ya mara nne. Mashine iliyomaliza kipeo chake kwa siku nne mwaka 1996 ilihitaji miezi kwa vipeo vilivyokuwa vikipimwa miaka michache baadaye.

Kazi mbili zilibaki zikizifaa mashine hizo. Ya kwanza ni kutafuta vigawo vidogo. Kabla ya kuipima namba kwa njia ndefu, ni busara kuijaribu kwa vigawo vyepesi. Kigawo kimoja kikipatikana, kipimo kirefu hakina haja tena. Ya pili, ambayo ina heshima yake katika historia hii, ni ukaguzi wa pili. Kompyuta hukosea. Chembe moja ya kumbukumbu ikigeuka katikati ya mamilioni ya hatua, kila baki linalofuata huwa la uongo, na jawabu la mwisho huja limevaa sura ile ile ya jawabu la kweli. Kwa hiyo mradi ulishika kanuni kwamba namba haihesabiwi kuwa imepimwa mpaka imepimwa mara mbili, na sehemu ya mwisho ya baki la kwanza imelingana na ile ya pili. Ukaguzi hufuata nyuma sana ya kipimo cha kwanza, katika vipeo vidogo zaidi, na humo mashine ya polepole iliweza kumaliza kazi yake kwa muda wa kuridhisha.

Ukaguzi hauleti sifa nyingi. Anayepima namba kwa mara ya kwanza ana tumaini la kuandikwa katika vitabu. Anayekagua karibu siku zote huthibitisha kwamba mwenzake hakukosea, na kwamba namba ile si tasa. Lakini bila yeye historia ingekuwa na mashimo. Mwaka 2008 na 2009 walimwengu walipata mfano. Agosti 2008, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ilipatikana namba ya kipeo 43,112,609. Majuma mawili baadaye, huko Ujerumani, ikapatikana ya kipeo 37,156,667, ambayo ni ndogo kuliko ile. Aprili 2009 mashine ya Odd Magnar Strindmo wa Norway ilipeleka habari za kipeo 42,643,801, nayo ndogo pia. Habari hizo zilikaa katika seva bila kutambuliwa mpaka tarehe 4 Juni. Kubwa ilitangulia, ndogo zikafuata. Nani basi angethubutu kusema hapana nyingine iliyojificha katikati? Jibu lilingojea ukaguzi wa kila kipeo kilichosalia chini yake, na ilikuwa mwaka 2018 namba ile ya Los Angeles ilipothibitishwa kuwa ya 47 kwa mpango. Namba ya 48, iliyopatikana mwaka 2013, ilithibitishwa nafasi yake mwaka 2021. Uvumbuzi wa siku moja ulihitaji miaka minane au tisa ya ukaguzi usio na jina.

Katika kungoja huko yalizuka malalamiko. Mara nyingi vipeo vichache vya mwisho, vilivyozuia hatua fulani kutangazwa, vilikuwa mikononi mwa mashine za polepole. Wenye haraka hawakuvumilia. Walivipima wenyewe katika mashine zao mpya, bila kupewa, wakapeleka majibu. Mwenye mashine kongwe, aliyeitunza miezi mingi, alifika mwisho akakuta kazi yake imekwisha kufanywa na mwingine. Kwa hesabu hapana hasara, namba imepimwa. Kwa mtu hasara ipo, kwa kuwa alichokitoa kwa hiari kimegeuzwa kuwa bure, na hakuna aliyemwomba radhi.

Wenye haraka nao walikuwa na hoja. Seva haioni chumba cha mtu. Mashine inayokwenda polepole na mashine iliyokufa hutoa ukimya ule ule. Watu wengi hujiandikisha kwa shauku, huchukua kipeo, kisha huondoa programu na kusahau. Kipeo hicho kikiachwa kwa sababu ya huruma, chaweza kukaa miaka bila mtu kukigusa. Mwenda pole hajikwai, ni kweli. Lakini wahenga hao hao walisema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mwaka 2014 mradi uliweka kanuni zilizojaribu kuzipatanisha methali hizo mbili. Vipeo vilivyo nyuma kabisa, vinavyozuia wengine, hupewa mashine zilizokwisha kuonyesha wepesi na uaminifu, na muda wake ni mfupi. Mashine za polepole hupewa vipeo vya mbele, ambavyo bado hakuna anayevingojea, na muda wake ni mrefu. Hakuna aliyefukuzwa, kila mmoja aliwekwa mahali ambapo mwendo wake haumdhuru mwenzake.

Miradi mingine ilikabili tatizo hilo kwa njia zake. SETI@home, uliofunguliwa na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley tarehe 17 Mei 1999 kutafuta dalili za viumbe wenye akili katika mawimbi ya redio kutoka angani, ulivuta watu zaidi ya milioni 5 kabla ya kuacha kugawa kazi mwezi Machi 2020. Kutoka huko ulizaliwa mfumo wa BOINC, ambao miradi mingi iliutumia, na ambao huweka siku ya mwisho kwa kila kipande cha kazi. Miongoni mwa miradi hiyo ulikuwamo mmoja uliogusa Afrika ya Mashariki kwa karibu. Taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, iliyokuwa Basel wakati ule, ambayo ina uhusiano wa muda mrefu na Ifakara katika bonde la Kilombero, iliwaomba watu wajitoleao wahesabu mwenendo wa malaria katika jamii za kubuni, ili kupima chanjo na kinga mbalimbali zingeleta matokeo gani. Hesabu hizo zilirudiwa mara nyingi kwa makisio tofauti, na kila marudio yalisimama peke yake. Hapo tena, kilichoipa mashine ndogo nafasi ni namna kazi ilivyokatwa.

Pamoja na hayo, kuna gharama ambayo shauku huificha, nayo ni umeme. Kompyuta itumiayo wati 100 usiku na mchana hula yuniti 2.4 kwa siku, yaani 876 kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 mashine iliyowashwa bila kazi ilikula karibu kiasi kile kile na iliyofanya kazi, basi aliyetoa muda wake wa bure alitoa kitu ambacho kingepotea vyovyote. Chipu zilizokuja baadaye zilijifunza kupumzika zisipotumwa. Tangu hapo kila saa ya hesabu ni malipo mapya. Tena mashine mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa yuniti moja. Aiwashaye kompyuta kongwe makusudi kwa ajili ya msako, aweza kulipa umeme wa mwaka mzima kwa jambo ambalo mashine mpya ingelifanya kwa siku chache. Kipawa chake ni cha kweli, lakini yampasa ajue bei yake.

Halafu hisabati yenyewe ikabadili mambo. Mwaka 2017 Robert Gerbicz alionyesha njia ya kugundua makosa ya mashine wakati kipimo cha aina nyingine kinaendelea, ili kosa lirekebishwe kabla halijaharibu kazi yote. Mwaka 2020 mradi ulianza kutumia njia ambayo mpimaji hupeleka pamoja na jawabu ushahidi mfupi. Mashine nyingine huuhakikisha ushahidi huo kwa sehemu ndogo sana ya kazi ya awali, badala ya kurudia kipimo chote. Ilikuwa hatua kubwa, iliyookoa karibu nusu ya jasho la mradi. Lakini nusu ile iliyookolewa ndiyo iliyokuwa shamba la mashine kongwe. Ukaguzi wa pili ulihitajika kwa kuwa hakuna mashine iliyoaminiwa peke yake. Shaka ilipopata dawa, mkaguzi alipungukiwa na kazi.

Oktoba 2024 ukaja mwisho wa zama. Luke Durant, Mmarekani, alikodi chipu zenye nguvu, za jamii iliyoundwa awali kwa kuchora picha, katika vituo vya kompyuta vilivyotawanyika nchi 17. Moja iliyokuwa Dublin iliashiria kwamba namba ya kipeo 136,279,841 ni tasa, na kipimo cha Lucas na Lehmer kikathibitisha. Ina tarakimu 41,024,320, na ni ya 52 kujulikana, ya 18 kupatikana na mradi huu. Kwa miaka 28 kila uvumbuzi wa mradi ulikuwa umetoka katika kompyuta za kawaida. Huu haukutoka huko. Kipeo chake ni kikubwa mara 97 na zaidi kuliko kile cha Armengaud, na kazi yake ni kubwa zaidi ya mara 9,000. Mashine ya megahezi 90 iliyotumia saa 88 mwaka 1996 ingehitaji zaidi ya miaka 90 kuipima namba hii, kama ingeweza kuibeba.

Hesabu hiyo yatosha kuondoa ndoto kwamba kila chombo chaweza kila kazi, ila haifuti yaliyotendeka. Mashine dhaifu zilipata nafasi pale watu walipoigawa kazi katika vipande vinavyojitegemea, wakaruhusu mtu asimame na kuendelea, wakahesabu jibu la hapana kuwa jibu, na wakatofautisha aliyechelewa na aliyetoroka. Nguvu za chuma hazikutosha kuleta hayo. Yaliletwa na utaratibu wa watu, na pale utaratibu ulipobadilika nafasi nayo ilibadilika. Vimebaki vipimo vya njia ya zamani ambavyo havijakaguliwa, na vipeo vidogo ambavyo vigawo vyake havijulikani, kazi zisizo na haraka wala shangwe. Kompyuta iliyo pembeni mwa chumba yaweza kuzifanya bado, mradi mwenyewe amepiga hesabu ya umeme wake na kuridhika nayo. Cole alitoa Jumapili zake kwa namba moja, na alipomaliza alikuwa amethibitisha kwamba namba hiyo si tasa. Hakuna aliyemwambia kwamba alipoteza wakati.